Kigen Alivyopona Kwenye Karatasi

Mwanangu Kigen huamka saa kumi na moja alfajiri, kama jeshini. Hutandika kitanda mpaka blanketi linakuwa na kona kama za sanduku. Kisha huketi kwenye kigogo nje ya jikoni, huvaa kiatu cha kulia, hukifunga kamba. Cha kushoto hukishika mkononi. Saa nne utamkuta hapo, kiatu mkononi. Saa sita, hapo hapo. Kuku wamemzoea, wanadonoa wakipita katikati ya miguu yake.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa akicheka, misumari ya mabati inalegea. Waliokuja kuandikisha jeshi walimpima meno na kifua, wakamwambia akimbie. Akakimbia, akawapita wote, akasahau kusimama, ikabidi afuatwe Molo kwa pikipiki. Haya, hapo nimeongeza. Lakini alikuwa mzima. Alitumikia miaka kumi na mmoja. Akapelekwa Somalia, na huko gari lililokuwa mbele yao likakanyaga bomu. Yeye ndiye aliyepewa turubai akaokote kilichobaki cha rafiki yake Omolo. Hapo siongezi kitu.

Walimrudisha nyumbani na barua ya kusema utumishi wake umekwisha. Akajaribu kazi ya kiwanda cha mbao hapa Elburgon. Siku ya tatu msumeno ukakwama kwenye fundo, ukapiga kelele, na Kigen akapatikana nyuma ya rundo la mbao, amejikunja, amejikojolea. Wenzake walicheka. Mmoja wao hununua maziwa kwangu mpaka leo, na hajawahi kujua nusu yake hutoka mto gani.

Daktari mmoja wa Nakuru alisema huo ni ugonjwa na una jina, dipresheni, pamoja na mshtuko wa vita. Akaandika ripoti ya kurasa sita. Mke wa Kigen, Jebet, akaomba mumewe apewe haki ya mlemavu na atibiwe hospitali ya jeshi, maana ugonjwa aliutoa kazini, hakuutoa kwangu. Ofisi ikasema tulete pia barua ya mtu wa heshima anayemjua. Kwetu huyo ni nani kama si mchungaji?

Sasa sikia kosa langu. Kanisani kwetu mgonjwa hasemi anaumwa. Ukisema unaumwa umempa shetani kiti. Unasimama Jumapili unasema umepona, umepokea, halafu uponyaji unakuja nyuma yako ukihema. Mzee Mbugua alishuhudia mguu wake umepona akiwa amebebwa. Basi nami nikasimama. Na mimi nikishika maikrofoni, hata malaika huvuta kiti. Nikasema pepo saba wamemtoka Kigen kwa sikio la kushoto, wakinguruma kama lori za mbao, na mbwa wa kanisa ametoroka mpaka Salgaa na hajarudi. Nikasema kesho yake Kigen alilima ekari mbili kabla ya chai, ng'ombe wakamwomba msamaha. Kanisa likalipuka kwa makofi. Nilirudi kwenye benchi nimenenepa.

Mchungaji Gachanja akaandika barua, akaifunga kwa gundi. Mimi sijui kusoma, na Jebet aliogopa kufungua barua ya mtumishi wa Mungu. Tukaipeleka hivyo hivyo.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Jebet alilisoma amesimama mlangoni, sauti ikizidi kupungua.

"Mama, wanasema kwa mujibu wa barua ya kanisa, mwombaji amefunguliwa kabisa, analala vizuri, na analima ekari mbili kabla ya chai. Ombi limekataliwa."

"Na mbwa? Hawakumtaja?"

"Mama!"

Mtu mzima, tai shingoni, kiti cha kuzunguka, amepewa kurasa sita za daktari akazisukuma kando, akaokota ekari zangu mbili. Shamba letu lote ni robo ekari! Angeuliza hata kuku. Na mimi sikuwa safi kuliko yeye, maana uchafu wenyewe ulitoka kinywani mwangu.

Kigen alikuwa amesikia yote. Akaweka kiatu chini polepole. "Wacha tu, Mama. Labda nimepona."

Jioni ile Jebet alileta kamba ya ng'ombe na dawa ya kuulia kupe, akavificha chini ya kitanda changu, Kigen asivione. Hapo nilijua lazima tukate rufaa, na tukishindwa tutapoteza nini.

Nikamwendea Gachanja. Nilimkuta anakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, niliyompelekea mwenyewe.

"Mchungaji, andika nyingine. Sema nilidanganya."

"Mama Kigen, ule ni ushuhuda. Nikiufuta nimemkana Mungu."

"Mungu hakulima zile ekari. Nilizilima mimi kwa mdomo."

"Siwezi, mama. Wewe amini tu."

Nikachukua kibuyu changu kikiwa nusu, nikaenda zangu.

Siku ya rufaa tulimpeleka Kigen Nakuru. Jebet alimvalisha kiatu cha kushoto, nami nikavipaka vyote viwili rangi mpaka unaweza kujiona uso, kwa sababu mtu haendi ofisi ya serikali mchafu. Kumbe hilo nalo lilikuwa kosa. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza, wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani. Yule wa katikati aliangalia viatu kwanza.

"Afande Kigen, unaendeleaje?"

Kigen akasimama wima, kidevu juu. "Salama, afande!"

"Mnaona?" akawaambia wenzake, akaandika huku anatabasamu. Hilo tabasamu lilininukia kama mzoga.

"Umemuuliza swali la gwaride, naye amekupa jibu la gwaride," nikasema. "Muulize nani alimvalisha kiatu."

"Shosho, kumbe ni wewe yule bibi wa ekari mbili!" Wanaume wakacheka. "Sasa tumwamini yupi, shosho wa kanisani au shosho wa leo?"

Nilikuwa nimekuja na uongo mzuri sana. Niliupika njia nzima kutoka Elburgon, una moshi, una chui wa msitu wa Mau. Ulikuwa ulimini, mtamu. Nikaumeza.

"Nina robo ekari," nikasema. "Kigen hajashika jembe tangu arudi. Huvaa kiatu kimoja, kingine kinamshinda, anakaa. Juzi mtoto wake alianguka mbele yake akalia. Kigen alimtazama, machozi yanamtoka, asiweze kuinuka. Nilisema amepona kwa sababu nilitaka kupigiwa makofi. Basi."

Yule mama wa miwani hakuwa amecheka hata mara moja.

"Ni kiatu gani?"

"Cha kushoto."

Akafungua ripoti ya daktari, na niliona karatasi zilivyoshikana. Hakuna aliyewahi kuzifungua. Akawasomea wenzake: "Huanza jambo dogo, hata kuvaa, asiweze kulimaliza." Yule wa katikati akaacha kuandika.

Wiki tatu baadaye rufaa ikakubaliwa. Ulemavu, asilimia ishirini. Wamepima huzuni ya mwanangu kama maziwa ya kiwandani, wakaona debe halijajaa! Hizo themanini zilizobaki sijui wanadhani ni za furaha? Nilitema mate nje ya mlango, mara mbili. Lakini karatasi inasema mgonjwa, na hospitali ya jeshi inampokea kila mwezi. Kamba nimemrudishia ng'ombe. Dawa ya kupe bado iko chini ya kitanda changu.

Jumapili Gachanja akaniona, akachangamka. "Mama Kigen ana neno la ushindi! Mpeni maikrofoni!"

Nikaikataa. Nikasimama hapo hapo kwenye benchi.

"Kigen ni mgonjwa. Anatibiwa. Alhamisi alivaa viatu vyote viwili. Ijumaa hakuvaa."

Mbugua akapiga kofi moja, akaangalia huku na huku, akaacha. Nikaketi.