Zahanati ya Mkwe

Juzi, kwenye dirisha la bima ya afya hapa Kigoma, karani alimwambia bibi mmoja wa Kalinzi kuwa mfumo umempangia zahanati ya kijijini kwake.

"Mganga wa pale kamwoa binti yangu," bibi akasema, akijifunika kanga usoni. "Nimvulie nguo mkwe? Bora nife na kifua hiki."

"Ndiyo iliyo karibu, bibi."

Mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nilishavuta pumzi nimchachafye karani, bibi akafungua pindo la kanga na kutoa kikaratasi cha mganga mwenyewe: "Tafadhali mpangieni mama kituo kingine. Hata mimi naona haya."

Karani akacheka, akampangia kingine. Enyi wenye mfumo, mnatuuliza hadi namba ya nyumba. Mnashindwaje kuuliza mkwe wetu ni nani?