Nani Anaunguza Majani ya Fundi

Nilipomaliza shule ya jioni, nyumba yetu yote ya mtaa wa La Rochelle, huku kusini kabisa mwa bara, iliamua kwamba mimi ni daktari. Cheti chenyewe kilikuwa cha sekondari tu, na somo nililolifaulu kuliko mengine lilikuwa baiolojia, lakini kwa wapangaji wenzangu hilo lilitosha na kubaki. Waliniletea jino, bili ya umeme, simu iliyoingia maji, mara moja hata paka. Sikumkatalia mtu. Mchana kutwa niliuza kava za simu mjini, nikirudi nyumbani nageuka hospitali ya rufaa.

Kwa hiyo sikushangaa Jumamosi moja asubuhi alipokuja fundi cherehani wa chumba cha nyuma, Mkongo wa Lubumbashi, na jani moja alilolikunja ndani ya kipande cha kitambaa cha suti kama maiti ya mfalme. Alifunga mlango wangu. Akaona haitoshi, akafunga na dirisha.

"Kaka," akanong'ona, "kuko mutu anauwa maua yangu."

Maua yake yalikuwa bangi, na nyumba nzima tulijua. Huku mtu mzima anaruhusiwa kupanda kidogo kwake kwa matumizi yake mwenyewe, naye alikuwa na mashina machache ndani ya kabati la nguo, amening'iniza juu yake taa yenye mwanga wa kutosha kuita ndege itue. Majani aliyachemsha na mafuta ya nazi, akajipaka mgongo ulioharibiwa na miaka ya kuinamia cherehani. Dawa ya dukani hakuitaka hata tone. Mbolea yake, alisema, ni vitu vya Mungu tu.

"Na huyo mutu namujua. Ni shemeki."

Shemeki, yaani shemeji yake, alikuwa mdogo wa mkewe. Mke alikuwa amerudi Lubumbashi kumuuguza mama yao, na mdogo mtu akabaki, analala kwenye kibaraza kilichozibwa kwa mbao kando ya chumba cha fundi. Alisuka nywele Rosettenville, alisali kwenye kanisa moja la ghorofani mjini, na kila Jumapili alirudi na chupa ya maji ya chumvi yaliyoombewa. Aliyanyunyiza kwenye kizingiti, kwenye ngazi, kwenye viatu vyetu. Mimi Mwislamu wa Tanga nimeingia msikitini mara nyingi na soksi zilizobarikiwa na kanisa. Yale majani ya kabatini aliyaita chakula cha shetani, tena bila kushusha sauti.

"Leo hii anatoka," fundi akasema. "Aende akalale kule kanisani, chini kwa simiti. Lakini nataka ushahidi. Weye umesoma. Uangalie, useme."

Hapo utani ulinikauka. Tulikuwa katikati ya baridi ya Juni, ile ya kukufanya uvae blanketi ndani ya koti, na yule dada hakuwa na pengine. Nikamwambia tumwone mgonjwa kwanza, mshitakiwa baadaye.

Mshitakiwa tulimkuta uani, amekaa juu ya begi lake. Tayari alikuwa ameambiwa.

"Ee, daktari wa magugu amefika," akasema. "Karibu. Umulizie vizuri, usimuchome sindano."

Nikaingia chumbani kwa fundi, nikainama kabatini. Ukweli ni kwamba nilimshuku, na nilimshuku sana. Lakini nilimshuku pia mwenye nyumba, mpangaji wa mbele, na hata yule paka niliyemtibu.

Nilianza na utitiri. Nikapiga matawi juu ya karatasi nyeupe na kukodoa macho nione kama kuna vidoa vinavyotembea. Hakuna. Nikageuza majani, hakuna utando wala vitobo. Je, ni njaa? Mmea wenye njaa ya naitrojeni huanza kugeuka manjano majani ya chini, maana huwanyang'anya wazee uwape wachanga. Haya yalikuwa kijani kibichi mpaka ya mwisho. Ukosefu wa chuma ungeonekana juu, majani mapya kupauka katikati ya mishipa. Hapana. Nikafikiria taa, lakini taa huunguza yaliyo karibu nayo, na hapa hata yaliyojificha kivulini yalikuwa yameungua ncha, ukahawia umetambaa kingoni, makavu kama chapati ya juzi. Ajabu nyingine: udongo ulikuwa umelowa, na mmea umelegea kama una kiu.

Juu ya udongo niliona ukoko mweupe. Nikaukwangua kwa ukucha nikaulamba. Ningeweza kutowelea ugali.

"Chumvi," nikasema, na papo hapo nikatamani ningenyamaza.

"Njo ile!" Yaani, ndiyo hiyo. Fundi akaruka mpaka taa ikayumba. "Chumvi! Nani ana chumvi katika nyumba hii? Shemeki, ubebe mufuko wako!"

Yule dada akasimama mlangoni. "Mimi ninamwaga kwa kizingiti. Kama ningemwaga kule ndani ningekuambia kwa uso. Mimi naogopa nini? Nakuogopa weye?"

"Unachukia maua yangu!"

"Ninayachukia, ndiyo. Ninayaombea yakauke. Lakini kwa maombi, si kwa wizi."

Utetezi wa namna hiyo ungemtisha wakili yeyote. Nilimtazama usoni kutafuta uongo, na nikiri, nilikuwa nautafuta kwa bidii. Ndipo nikaona kitu kingine: karibu kabisa na kizingiti, kwenye kopo la mtindi, kulikuwa na mche mdogo wa bangi. Maji ya maombi yakirushwa, huo ndio wa kwanza kulowa. Ulikuwa kijani, umesimama wima kama askari wa ikulu.

"Na huu unaupa nini?" nikamuuliza fundi.

"Ule ungali mudogo. Maji ya bomba, basi."

"Na hii mikubwa?"

"Nilikuambia. Vitu vya Mungu. Ganda ya ndizi, majivu kidogo, na maji ya samaki. Mutu mumoja mujini aliniambia samaki njo mbolea ya kwanza ya asili."

"Samaki gani, kaka?"

Fundi akatazama taa. Akatazama dirisha. Jibu likatoka mlangoni.

"Makayabu!" Shemeji akapiga makofi. "Mungu wangu! Maji ya makayabu yangu!"

Makayabu ni yule samaki wa chumvi, mgumu kama ubao wa mlango. Wakongo humloweka mpaka chumvi itoke, ndipo apikwe. Yeye dada ndiye aliyeloweka, na kila akienda kubadilisha maji alikuta mtu ameshayabadilisha. "Nikasema, shemeki amekuwa na roho nzuri, ananisaidia kazi ya jikoni. Nikamushukuru Mungu kwa sababu yako!"

"Lakini ni samaki," fundi akasema, sauti ndogo.

"Ni samaki, na chumvi ya kuhifadhi wilaya nzima," nikamwambia. "Mizizi inashindwa kunywa. Unaiua kwa mikono yako mwenyewe."

Alikaa kitandani. Shemeji hakuingia wala hakuondoka.

"Sema, shemeki. Jirani asikie."

"Pardon."

"Kwa Kiswahili. Wakati wa kunifukuza ulikijua."

"Unisamehe," akasema fundi. "Rudisha mufuko."

Akaurudisha, taratibu, kila mtu amwone.

Tiba ilikuwa kuosha udongo: maji safi, mengi, yapite mpaka yatoke chini. Tukahamishia mashina bafuni. Mgongo wa fundi ukakataa kubeba, kwa hiyo tulibeba sisi wawili, shemeji amevaa mifuko ya plastiki mikononi mpaka kwenye viwiko asiguswe na shetani. Bomba likamwaga, maji ya rangi ya chai yakatoka yakinuka soko zima la samaki, naye dada akainama juu ya beseni la kuogea, macho amefumba, midomo inacheza.

Fundi alimchungulia mlangoni.

"Shemeki. Unaomba nini?"

"Ni yangu na Mungu."

"Yapone ao yakauke?"

Dada akafungua bomba zaidi.