Mshale Mwekundu wa Bi Marlys

Kwa heshima na taadhima, gazeti hili linautangazia ulimwengu kwamba kaunti yetu, jimboni Wisconsin, imepata mzimu wake wa kwanza mwenye ujuzi wa mashindano ya magari. Ushahidi upo kwa maandishi. Maandishi yenyewe yako nyuma ya risiti ya soseji, yana doa la haradali, na mstari wa katikati hausomeki.

Basi tuanze na yale yanayosomeka.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumanne, Bi Marlys Ketterhagen ameinama chini ya taa moja katika lililokuwa banda la ng'ombe wa maziwa. Ameshika kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi. Anakiweka mdomoni, anapuliza, anasikiliza. Anakichokoa kwa waya mwembamba, anapuliza tena. Kinatoa mluzi mwembamba, naye anatikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa salamu.

Ni kidude cha kabureta chenye tundu. Petroli ya gari la mbio hupita hapo, na Bi Marlys anaamini mapafu yake kuliko kipimo chochote cha dukani.

"Umewahi leo, mwandishi," anasema bila kugeuka. "Mama yako amekufukuza?"

"Nimekuja kazini, Bi Marlys."

"Haya, shika tochi. Kazi yenu si kumulika?"

Ana umri wa miaka sabini na miwili. Kwa miaka arobaini na minne amekuwa akifufua kabureta na injini za magari ya mbio ya Kimarekani ya miaka ya sitini. Anatoza dola arobaini na tano kwa saa, na mwaka jana, baada ya kodi, alibakiwa na dola elfu thelathini na moja. Vifundo vya vidole vyake vimevimba kama tangawizi. Asubuhi huviloweka katika maji ya moto kabla ya kushika spana.

Mwezi Agosti madaktari watampasua viganja vyote viwili. Wamemwambia maumivu yataisha, ila nguvu ya kushika haitarudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo Corvette nyeupe ya mwaka 1963, namba 47, iliyoko mbele yake ndiyo injini yake ya mwisho. Jumamosi hii itashindana kwenye barabara ya mbio ya maili nne iliyo nyuma ya mashamba, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1969. Ataiendesha binti wa kaka yake, Corliss, ambaye ni daktari wa ng'ombe. Bi Marlys anataka jambo moja tu. "Niisikie ikipita kwenye sehemu iliyonyooka, mara moja," anasema. "Halafu waje na visu vyao."

Sheria ya mashindano haya ni fupi: kisichokuwepo siku zile, leo hakiingii. Mkaguzi huja na kioo cha mkononi na tochi, akasoma tarehe zilizochongwa kwenye chuma. Kuna bwana mmoja kutoka Illinois alirudishwa nyumbani kwa sababu ya vibanio vya mpira wa maji vilivyotengenezwa miaka tisa baada ya gari lake. Alilia hadharani, na watu walimwona ana haki ya kulia.

Bi Marlys ametumia miaka kumi na mmoja kukusanya vifaa vya namba 47. Kifaa cha kugawa hewa kwenye injini alikitafuta miaka sita. Alikipata Iowa, kikizuia mlango wa kanisa usifungwe na upepo. Mchungaji alikubali kukitoa kwa dola mia tatu na jiwe zito.

Kifaa ambacho hakuhitaji kukitafuta ni saa ya kupimia mizunguko ya injini. Hiyo haikuwahi kutoka ndani ya gari.

Ina mishale miwili. Mweusi hupanda na kushuka na injini. Mwekundu husukumwa na ule mweusi, na mweusi ukishuka, mwekundu hubaki pale pale, ukionyesha injini ilizungushwa hadi wapi. Mafundi huuita shahidi, kwa sababu dereva hudanganya na mshale haudanganyi. Kuurudisha kwenye sifuri kunahitaji ufunguo mdogo, na ufunguo huo Bi Marlys huuvaa shingoni.

Injini hii mwisho wake ni mizunguko elfu sita na mia tano kwa dakika. Shahidi akivuka hapo, hakuna mjadala: injini hufunguliwa yote, konrodi zote nane, vyuma vinavyoshika pistoni, zikaguliwe. Mafundi wa hapa wamelelewa hivyo. Baba mtu alifanya hivyo, na babu wa jirani alifanya hivyo.

Kila asubuhi Bi Marlys humsoma shahidi kama wengine wanavyosoma zaburi. Jumanne hii anachungulia dirishani mwa gari, tochi inamulika, na mkono wake unasimama hewani.

Shahidi amefika elfu saba.

Injini haijawashwa tangu Jumamosi. Bi Marlys anaweka kiganja juu ya chuma. Ni baridi, kina umande.

"Nani amekuendesha?" anauliza, na ni dhahiri kwamba hamuulizi mwandishi.

Akamrudisha shahidi kwenye sifuri, akaendelea na kazi. Siku hiyo mluzi wa shaba haukusikika tena.

Jumatano ukungu ulishuka kwenye mashamba ya malisho ya alfalfa hadi mlango wa banda haukuonekana kutoka barabarani. Mwandishi alifika saa moja asubuhi. Bi Marlys alikuwa amesimama katikati ya sakafu, kiganja kimoja juu, akitaka kimya.

Chini ya turubai, gari lilikuwa likilia. Tik. Kisha kimya kirefu. Tik.

"Chuma kikipoa husema hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Baada ya mbio."

Mwandishi aliandika kwenye risiti yake: mfereji wa paa unadondosha maji.

"Mshale umepanda tena?" aliuliza.

"Umepanda." Hakutaja umefika wapi. Alikuwa tayari ameurudisha sifuri na kuutundikia kitambaa, kama watu wanavyofunika kioo nyumba inapofiwa.

Corliss alifika akiwa bado na mabuti ya zizini, na harufu yake ikamtangulia.

"Shangazi, labda ni panya."

"Panya wa kuzungusha elfu saba kwa dakika? Mlete nimwajiri."

"Basi saa yenyewe imezeeka."

"Nami nimezeeka. Nimekudanganya lini?"

Corliss hakucheka. Alitazama kitambaa, kisha mikono ya shangazi yake. "Ukiifungua leo, Jumamosi hatuendi."

"Najua."

"Na Agosti ndiyo hiyo."

"Corliss. Najua kusoma kalenda."

Waliafikiana kusubiri asubuhi moja zaidi. Shahidi akitulia, gari litakwenda. Akipanda mara ya tatu, injini itafunguliwa na mbio zitasahaulika.

Alhamisi asubuhi shahidi alikuwa amepanda.

Corliss aliketi kwenye ndoo. Bi Marlys hakuketi. Alichukua kioo chake kidogo na tochi, akalala kifudifudi juu ya injini, akafuata kebo ya saa ya mizunguko hadi mahali inapoingia kwenye injini. Kila nati ya gari la mbio hufungwa kwa waya mwembamba uliosokotwa, isilegezwe na mtikisiko. Bi Marlys hutumia mkono wa kushoto, na misokoto yake yote huelekea upande mmoja. Waya wa nati ya kebo ulielekea upande wa pili, tena umesokotwa kama nywele za mtu anayesukwa huku akikimbia.

"Mwandishi," alisema kutoka ndani ya boneti. "Ile shule yenu ya bweni, wazazi wanalipa nyingi?"

"Nyingi sana, Bi Marlys."

"Na hawawafundishi kusokota waya."

Mtuhumiwa, ambaye kwa sababu za kisheria atatajwa hapa kama mwandishi wa makala haya, alikiri papo hapo. Alieleza kwamba kila siku saa tisa na nusu alasiri Bi Marlys huenda kwa jirani kunywa kahawa na kuacha mlango wazi. Kwamba kebo ikifunguliwa na kuzungushwa kwa drili ya umeme, mshale hupanda bila injini kuwaka. Na kwamba alidhani kaunti ingefurahia mzimu.

"Mara zote tatu ni wewe?" Corliss aliuliza.

"Zote tatu," mtuhumiwa alijibu.

Corliss alisema maneno ambayo mhariri ameyaondoa. Bi Marlys alicheka hadi akashika ubavu. Kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo, na mtuhumiwa alijipongeza moyoni. Alihukumiwa kusugua mfereji wa samadi wa banda zima, urefu wa mita ishirini, kwa brashi ya mkono. Shahidi alirudishwa sifuri. Alasiri, kwa kalamu iliyoshikwa kwa vidole vyote vitano, Bi Marlys alitia sahihi fomu inayosema kwamba injini ya namba 47 ni salama kwa binadamu kuiendesha.

Ijumaa ukaguzi ulikwenda kama harusi. Bwana Vandersloot, mkaguzi, alilala chini ya gari kwa dakika arobaini na kioo chake. Alipotoka, alikuwa na swali moja tu: kile kifaa cha hewa kilitoka wapi. Aliambiwa kanisani. Alibandika kibali kwenye kioo cha mbele na kuvua kofia.

Mazoezi yalikuwa yaanze Jumamosi saa mbili asubuhi. Corliss alikuwa hatua kumi kutoka kwenye lori, akijaribu helmeti na kulalamika inabana masikio. Bi Marlys na mwandishi walikaa nyuma ya lori wakila soseji katika mikate migumu.

"Hebu niambie," alisema, akipaka haradali. "Ile ya Jumatano. Ulifikisha ngapi?"

"Elfu saba. Kama siku nyingine."

Hapa mwandishi anaomba kuacha kujiita mwandishi.

Bi Marlys aliweka mkate chini. "Jumanne ilikuwa elfu saba. Alhamisi, elfu saba. Jumatano ilikuwa elfu saba na mia nne. Sikumwambia mtu."

"Labda drili iliteleza."

"Labda."

Alitazama barabara ya mbio. Haikuwa na gari hata moja. Upepo ulikuwa unalaza nyasi upande wa daraja, kwa mstari, kana kwamba kuna kitu kimepita.

"Mwaka sitini na tisa, Ijumaa kama hii, kaka yangu Duane aliingia na gari hili kutoka mazoezini, shahidi akiwa elfu saba na mia nne," alisema. "Baba alikuwa amekwenda kuchukua petroli. Duane akaniambia, 'Mdogo wangu, mrudishe huyo, mzee akimwona atafungua injini na kesho sikimbii.' Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Nikamrudisha. Baba akaja, akaniuliza, 'Shahidi anasemaje?' Nikamwambia elfu sita na mia tatu."

Aligusa ufunguo kwa kidole kilichopinda.

"Kesho yake konrodi ilikatika karibu na daraja lile. Mafuta yakaingia chini ya tairi la nyuma, na Duane hakutoka hai. Watu walisema ni bahati mbaya, nami nikawaacha waseme. Hii namba sijaitaja kwa kasisi, wala kwa huyu Corliss." Sasa alinitazama. "Nakuuliza kama baba alivyoniuliza mimi. Jumanne alasiri uligusa gari langu?"

Nilikuwa na mizaha minne tayari mdomoni. Nyuma yake niliona helmeti ya Corliss ikigeuka, na mzaha haukutoka hata mmoja.

Jumatatu alasiri ilikuwa mimi. Jumatano alasiri ilikuwa mimi. Jumanne alasiri nilikuwa Sheboygan kwa daktari wa meno, mdomo umekufa ganzi hadi saa mbili usiku. Nilipoingia bandani asubuhi ya ukungu na kusikia tik, nilijua si mfereji wa paa. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Niliandika mfereji kwa sababu mkono ulitaka kuandika kitu.

Nilimwambia yote hayo. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia.

Aliinuka, akaenda kwenye meza ya Bwana Vandersloot, akaomba fomu yake. Alilifuta jina lake kwa mstari mmoja, polepole, kwa mkono wa kushoto. Kisha akamwita Corliss wakasimama pembeni ya gari. Sikusikia walichosema. Niliona Corliss akivua glavu, kidole kimoja kimoja, na baadaye akimkumbatia shangazi yake kwa muda mrefu. Watu wa malori ya jirani waligeuza nyuso zao kwa adabu.

Mpango wa Bi Marlys ni huu. Jumatatu ataishusha injini na kutoa konrodi zote nane, azipime moja moja kwa macho, kwa poda ya kufichua nyufa na kwa kucha. Ameshapiga simu hospitali kuwaambia madaktari wasubiri. Septemba kuna mbio ndogo, na kama injini itamwambia iko salama, Corliss ataendesha.

"Na usipoona ufa wowote?" nilimuuliza.

"Nitakuwa nimetazama," alisema.

Makala haya yalikuwa yachapishwe Ijumaa, yakiwa na mzimu wa kuchekesha na mtuhumiwa hodari aliyekiri zote tatu. Nilikiri zote tatu kwa sababu mbili zisingetosha kumpeleka Corliss barabarani, nami nilitaka kusamehewa siku ile ile. Zilikuwa mbili.