Zaka Hakuwa wa Kwanza

Jumapili, mwezi wa saba. Huu ni mwaka wa sita tangu nipande basi Ipogolo, pale Iringa, mara ya mwisho.

Mpaka sasa naona kama ni uongo. Rafiki yangu Zaka amezikwa juzi kwao Ilula, na mimi niko huku Denmark, bandarini, nafagia vumbi la chuma na uzee wangu huu.

Video ya mazishi nimeiona. Mimi Mngoni, yeye Mhehe, watani wa damu. Kazi ya kujilaza kaburini na kumsema mpaka waliao wacheke ilikuwa yangu.

Badala yake nikaona kijana fulani wa Kingoni anaiga mwendo wa Zaka. Jamani, kakosea kabisa! Zaka alitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilimwonea wivu yule kijana nikazima simu.

Halafu Festo, mwanawe, kaniandikia kwamba wanajengea kaburi. Kwenye jiwe wataweka: "Mtu wa kwanza kuwasha taa kwa upepo Ilula."

Wa kwanza? Festo mwanangu, hapana. Kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya kwenda Zambia bado mpya. Mimi na baba yako tulikuwa vibarua kwenye karakana ya misheni pale Ilula. Malori yalianguka kwenye kona za mlima Kitonga, sisi tukafungua vyuma.

Fundi mkuu, Mnyakyusa mmoja mkali, alitutangazia: "Atakayewasha taa kwa upepo nampeleka Mbeya kusomea umeme. Nafasi ni moja, msiniletee sura za huruma."

Mimi nilichukua dainamo ya Land Rover. Dainamo inataka mbio, na upepo hauna mbio hizo, kwa hiyo nikafunga gia kubwa, gia ndogo na mnyororo wa baiskeli.

Taa ikawaka! Mama Tulla, aliyeuza nyanya kando ya barabara, alipiga vigelegele: "Njooni muone, Mngoni kaiba jua!" Fundi mkuu akasema tu, "Tungoje kwanza upepo wa Julai."

Siku hiyo Zaka alikuwa na nguzo tu. Nguzo tupu, Festo. Ng'ombe walikuwa wanajikunia.

Alikuja akatazama mnyororo wangu. "Upepo ukizidi je?"

"Utanizoea."

"Wewe unataka upepo ufuate mashine yako," akasema. "Mimi nitauacha uzunguke unavyotaka. Umeme wenyewe nitaunyoosha huku chini."

Nilicheka sana. Yeye akapanda lori mpaka Mbeya kwa fundi redio, akarudi na diodi mfukoni, vile vidude vinavyoulazimisha umeme uende upande mmoja. Alternata ya lori akaisuka upya nyaya zake ili itoe umeme hata ikizunguka polepole. Mapanga ya kukamata upepo akayafunga kwenye ekseli yake moja kwa moja, hakuna gia, hakuna mnyororo.

Taa yake ilikuja kuwaka wakati yangu tayari ni habari ya zamani.

Kisha ukaja upepo wa Julai, ule wa kung'oa mabati. Mnyororo wangu ukakatika, ukatua kwenye tenga la Mama Tulla. "Mngoni! Nyanya zimekukosea nini?"

Taa ya Zaka haikufifia hata kidogo. Fundi mkuu alisimama pale, mikono nyuma, akasema, "Zaka, kafunge nguo zako."

Akaenda Mbeya, akarudi ana cheti na viatu. Mimi nikabeba magunia Dar, nikabeba makasha melini, na bado nabeba. Watu wanasema wivu huisha. Wangu una nywele nyeupe.

Sasa sikia. Huku bandarini wanapakia mitambo ya upepo ya kusimika baharini, panga moja refu kuliko kanisa. Zaka alikuwa ananitumia sauti kila wiki: "Mtani, hao wametumia ya nani, yako au yangu?"

Nikamuuliza supavaiza wangu. Akasema zote zipo. Kuna zenye giaboksi: jenereta yake ndogo, nyepesi, na kwa nyingi za zamani ni sehemu tu ya umeme inayopita kwenye konvata, ile mashine ya kuunyoosha. Nafuu, ila giaboksi ikifa huko majini unaita meli na kreni.

Nyingine hazina giaboksi. Jenereta nene kama nyumba, sumaku tele, na umeme wote unapita kwenye konvata. Ni nzito, ghali, na konvata nazo zinaungua. Lakini zinauacha upepo uzunguke unavyotaka.

Nikamtumia jibu: "Zote mbili zipo."

"Na zile kubwa kabisa?"

"Nyingi ni zako, mbwa wewe."

Alicheka mpaka akakohoa. Ile ndiyo sauti yake ya mwisho kwenye simu yangu. Hata kufa kafa ameshinda, na kazikwa kwao, kwenye udongo mwekundu, watu wamejaa mpaka barabarani. Mimi huku nani atanijazia barabara?

Festo, kwenye jiwe andika hivi: "Wa pili kuwasha taa kwa upepo Ilula, na wa kwanza ambaye taa yake haikuzimika." Neno "wa pili" lisitoke. Ni haki yangu.

Zaka, pumzika mtani wangu. Upepo wa leo ni wako wote.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Natarajia kufika Ilula mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Zege msimwage mpaka nije nilale hapo juu, na hatoki mtu kabla sijamwiga ule mwendo wake sawasawa.