Mbegu Chini ya Kitanda

Oketch Otiende, karani wa stoo katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Jogoo, alilima ekari moja ya mahindi kijijini kwao Ugenya kwa miaka tisa. Kila Februari alinunua mbegu bora na mbolea Nairobi, akaviweka chini ya kitanda chake mtaani Mbotela, akangoja likizo ya Pasaka ili akapande kwa mkono wake mwenyewe.

Alivuna magunia manne, matano mwaka ukiwa mzuri. Ng'ambo ya mpaka wa mikonge, Celine, mke wa kaka yake, alivuna kumi na mawili kwenye ekari kama hiyo, tena kwa nusu ya mbolea. Oketch aliulaumu udongo. Hata aliupeleka kupimwa, akaambiwa hauna kasoro.

Desemba Celine alikuja Nairobi kutibiwa macho, akafikia kwa Oketch. Wakila ugali, Oketch akaanza tena habari za udongo.

"Baba Elsie, kula kwanza," alisema mkewe, Rispa.

Celine aliacha kula. "Shemeji, udongo hauna neno. Mvua ya kwanza hunyesha mwanzoni mwa Machi, nami napanda. Mbegu yako bado iko hapa Mbotela. Ukija Pasaka magugu yamekutangulia, na mahindi yako yanatoa maua mvua ikiisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Uniachie mbegu? Ungedhani naitaka iwe yangu."

Ndivyo Oketch alivyodhani, miaka yote tisa. Aliona haya.

Februari alimtumia Celine mbegu na mbolea kwa basi. Tarehe sita Machi simu ililia kazini.

"Imenyesha usiku kucha," alisema Celine. "Nipande?"

Oketch alitaka kumwambia angoje Jumamosi, apate kufika.

"Panda," alisema.

Jioni hakutulia. Alimuuliza Rispa mara mbili kama Celine angeweka punje moja au mbili kwa shimo.

"Si umpigie?"

Hakupiga. Pasaka alikwenda, akakuta mahindi yamefika magotini, akapalilia siku tatu mpaka mgongo ukauma.

Agosti alikwenda tena, yakatoka magunia kumi. Mawili yalikuwa ya Celine kwa mapatano. Oketch akamwongezea la tatu. Aliporudi kazini wenzake walimuuliza amevuna ngapi.

"Shemeji yangu amevuna kumi," alisema. Wakamcheka kwamba siku hizi ni mgeni shambani kwake.