Mng'ao wa Chisense

Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilirusha ndege ya vita, na nisiseme uongo, niliringa. Wenzangu wa rika walikimbia vita kwa miguu, mimi nikiwapita juu na miwani yangu myeusi.

Leo nalima mihogo kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Nchelenge. Nikishuka ufukweni hununua chisense, vile vidagaa vya ziwa letu, kwa mama mmoja aliyekimbia kutoka Kongo kama mimi. Watu wa hapa humcheka. Akisikia ndege, hata ile ndogo ya kubeba wagonjwa, hufunika kwa mikeka samaki wake aliowaanika mchangani mpaka ipite. Samaki mbichi akifunikwa huoza upesi, na yeye anajua hivyo kuliko sisi sote.

Siku moja nami nikamtania, nikamwuliza kama marubani nao hushuka kuiba chisense.

"Usicheke, papa," akasema. "Kule kwetu tulikuwa tumeanika vile vile. Ndege ikakuya, ikazunguka, ikarudia, ikatupa bombe. Dada yangu alikuwa anageuza samaki. Hakukuwa hata mutu moja wa bunduki."

Akautaja ufukwe wenyewe. Nikaweka pesa kwenye ungo wake, nikaondoka bila samaki. Aliye juu mngoje chini, husema wahenga, nami nilikuwa nimeshangojewa vya kutosha.

Ukiwa angani, chisense walioanikwa mchangani hung'aa kama mabati mapya. Asubuhi ile niliuona mng'ao huo, nikashuka nikapita chini mara moja tu, kwa mbwembwe zaidi kuliko kwa kuangalia. Nikasema redioni: mabati, kambi ya adui. Nikaruhusiwa kupiga, nikarudi, nikapiga. Jioni nilisifiwa, nikanywa bia, nikalala vizuri. Hilo la kulala vizuri ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Majuma matatu nilinunua samaki kwingine. Kisha nikachoka kumkwepa mwanamke mwenye ungo, nikarudi.

"Mama, ile ndege, rubani wake ni mimi."

Hakulia wala hakunitukana. Aliendelea kugeuza samaki, mstari mzima, mpaka mwisho.

"Ulituona?" akauliza.

"Hapana, mama. Niliona mabati."

"Siye tulikuona," akasema. "Ile mara ya kwanza ulishuka mupaka tukaona kichwa yako. Dada yangu akakupungia mukono."