Bado Anaijaribu

Kila Jumamosi mpiga picha wa Kanduyi huingia katika duka la Chelagat mjini Kitale akitafuta lenzi moja ya kila kazi: ivute mbali, ichukue karibu, na bei iwe ya mwananchi. Chelagat, muuzaji wa kamera za mitumba, anamjua kwa vidole vyake. Huishika lenzi kama yai la kuku wa jirani. Huipuliza, huipangusa kwa pindo la shati, huizungusha karibu na sikio asikie kama inakwaruza, kisha husema kwa sauti ya daktari, "Madam, si niijaribu kwa mwanga wa nje kidogo?" Humwachia kitambulisho, akatoka. Baada ya nusu saa huirudisha ikiwa na joto la mkono. "Ni nzuri, lakini moyo haujaridhika." Huu ni mwaka wa pili, na Chelagat alikuwa ameanza kumhurumia.

Jumamosi iliyopita alimfuata hadi mlangoni. Ng'ambo ya barabara, kwenye bustani ya maua ya kituo cha petroli, bibi harusi na msafara wake wote walikuwa wamejipanga, warefu nyuma. "Wakwe, jibaneni! Bibi harusi, inua kidevu!" aliamuru mpiga picha, lenzi ya dukani ikiwa kwenye kamera yake. Aligeuka, akamwona Chelagat, wala hakushtuka.

"Madam, hii inavuta vizuri, bana," alimpazia sauti. "Lakini Jumamosi ijayo niwekee ile ndefu. Ati mchungaji wa kanisa la hapo nyuma hataki mpiga picha asogelee madhabahu."